Nyongeza Ipi Kwanza? Gemu Moja, Kadi Moja, Watu Wawili

Mwenzi wako amezama kwenye ramani ya mwaka 1444 na anataka hela ya "nyongeza". Kabla hamjanuniana, someni hapa, ikiwezekana pamoja.

Kungwi alitufunda mengi: ya jikoni, ya chumbani, na namna ya kuishi na mawifi. Lakini sijasikia kungwi hata mmoja aliyemfunda mwali afanye nini siku mume atakapomwambia, tena kwa sauti ya chini kama anayeomba hela ya dawa: "Mke wangu, imebaki nyongeza moja tu, na leo iko kwenye punguzo." Wala jandoni hakuna aliyemfunda kijana ajibu nini endapo anayesema hivyo ni mke, maana siku hizi na sisi wanawake tumo, tena tumo kweli kweli!

Nazungumzia gemu za mikakati za kwenye kompyuta, zile ndefu, ambazo unaendesha dola nzima: kodi, jeshi, dini, ndoa za kifalme, biashara. Si zile za kupiga risasi dakika kumi ukalala. Na nitachukua moja ninayoijua vizuri kwa sababu inachezwa nyumbani kwangu na mimi mwenyewe naicheza. Inaitwa Europa Universalis IV, wenyewe wanasema EU4 kwa kifupi. Ilitolewa Agosti 2013 na kampuni ya Paradox ya Sweden. Unaanza tarehe 11 Novemba 1444, unachagua karibu dola yoyote iliyokuwepo duniani siku hiyo, na kama una subira unaifikisha mpaka 1821. Miaka 377! Hakuna anayemaliza kwa wikiendi moja.

Najua kuna msomaji ameshasema hayo ni mambo ya Wazungu. Ngoja kidogo. Kwenye ramani hiyo Kilwa ipo. Mombasa ipo, Malindi ipo, Mogadishu ipo. Na gemu za jamii hii zina undugu na Kiswahili kuliko watu wanavyodhani: wimbo wa kufungulia gemu nyingine, Civilization IV ya mwaka 2005, ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin, umeimbwa kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Kwa hiyo tusijifanye wageni kwenye shughuli ambayo tumealikwa.

Kasheshe liko sehemu moja tu. Ukishainunua gemu, bado hujaimaliza kuinunua.

Duka lisilofungwa

Kuanzia 2014 mpaka 2024, EU4 ilikuwa ikitoa nyongeza moja baada ya nyingine. Conquest of Paradise ndiyo iliyofungua mlango, Winds of Change ikaja miaka kumi baadaye, na katikati kuna msururu ambao ukiuona kwenye skrini kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni orodha ya vipuri vya gari. Nyingi ziliuzwa kati ya dola 10 na 20 kila moja kwa bei kamili. Chukua dola 20, zidisha kwa shilingi 2,500 kwa hesabu ya haraka, hiyo ni shilingi 50,000. Nyongeza kumi za namna hiyo ni nusu milioni. Nusu milioni, jamani, kwa mtu aliyepanga ni kodi, na kwa wachumba ni mchango wa kamati ya harusi!

Sasa elewa biashara yenyewe inavyokwenda, kwa sababu usipoielewa utanunua kwa hofu. Kila nyongeza kubwa ilipotoka, ilifuatana na sasisho la bure kwa wachezaji wote. Sasisho ndilo linalobadilisha ramani na sheria. Nyongeza inafungua vitufe. Maana yake ni kwamba asiyelipa haachwi na gemu mbovu, anabaki na gemu ileile inayokwenda mbele, isipokuwa kuna vitufe anaviona na haviwezi kubonyezeka. Na hapo ndipo wanapotupatia. Kitufe ambacho hakipo hakikusumbui. Kitufe unachokiona kila siku halafu hakibonyezeki kinakuwasha kama upupu.

Mfano unaotajwa mpaka leo ni Common Sense ya mwaka 2015. Sasisho lake la bure lilibadilisha namna mikoa inavyopimwa, kila mkoa ukapewa kiwango chake cha maendeleo. Lakini uwezo wa wewe mwenyewe kutumia pointi zako kuyakuza maendeleo hayo ukawekwa ndani ya nyongeza ya kulipia. Wachezaji walilalamika, na kwa maoni yangu walikuwa na haki, kwa sababu hapo hukuuziwa pambo, umeuziwa mlango wa chumba ambacho tayari umejengewa. Kwa miaka mingi hiyo pamoja na Art of War ya 2014 ndizo ambazo mzoefu yeyote alikuwa anakutajia mwanzo kabisa. Habari njema ni kwamba baadhi ya nyongeza za zamani zimeshaingizwa ndani ya gemu yenyewe bila malipo ya ziada. Kwa hiyo ukipewa orodha na jamaa aliyecheza zamani, usiende nayo moja kwa moja kwenye malipo. Fungua kwanza ukurasa wa gemu kwenye Steam, usome kilichomo.

Unacheza nani?

Hilo ndilo swali langu kwa kila anayeniuliza anunue ipi. Watu wanatarajia niwape orodha. Mimi nauliza: unacheza nani, na ukikaa mbele ya kompyuta unafanya nini mara nyingi zaidi?

Tuseme unacheza Kilwa, kama mume wangu. Mwaka 1444 Kilwa ndiyo mbabe wa pwani yetu, na si uongo wa watengeneza gemu. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji, dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipitia mikononi mwa masultani wake, na walikuwa na sarafu zao wenyewe. Mreno alikuja kuupora mji mwaka 1505. Kwa hiyo mchezaji wa Kilwa ana miaka kama sitini ya kujiandaa kabla saa mbaya haijafika, na silaha yake kubwa ni biashara.

Biashara ya EU4 ni kitu cha kukaa nacho. Dunia imegawanywa katika vituo vya biashara, na kimoja kimeitwa Zanzibar. Mali inatiririka kutoka kituo kimoja kwenda kingine kama maji ya mto, kwa upande mmoja tu. Unaweza kukinga ndoo yako hapo ulipo, au ukaisukuma mali iende mbele kwenye kituo kingine ambako pia una mkono wako. Kuirudisha ilikotoka haiwezekani. Na mito yote hiyo, ukiifuata mpaka mwisho, inaishia Ulaya: Venice, Genoa na English Channel. Ndivyo ramani ilivyochorwa. Mimi hilo huwa linanikera kila mara, maana Kilwa hata iwe tajiri namna gani, kuna maji yatakayoendelea kuteremkia kwa watu ambao mwaka 1444 hata njia ya kufika huku walikuwa hawaijui. Lakini ndiyo mchezo wenyewe, na kuushinda mto huo ndiyo raha yake.

Sasa angalia nyongeza kwa macho ya mtu wa Kilwa. Ya kwanza atakayoambiwa ni Origins, ya Novemba 2021, kwa sababu ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika: inaleta misheni na matukio mapya kwa dola kama Mali, Songhai, Kongo na Ethiopia, na pwani ya Waswahili nayo imepata fungu lake. Ni nzuri. Inakupa sababu ya kufanya mambo, badala ya kukaa unatazama ramani kama tangazo la shirika la ndege.

Ila mimi siianzi hiyo. Naanza na Cradle of Civilization ya 2017, ambayo jalada lake na matangazo yake yote yanazungumzia Mashariki ya Kati, na mtu wa Kilwa angeipita bila kugeuka. Ndani yake kuna madhehebu ya sheria ya Kiislamu, Shafi'i ikiwemo, ambayo ndiyo ya pwani yetu mpaka leo, na yanabadilisha uhusiano wako na dola nyingine za Kiislamu. Kuna sera za biashara, yaani unamwelekeza mfanyabiashara wako akiwa kwenye kituo afanye jambo fulani mbali na kukusanya pesa tu. Na kuna weledi wa jeshi. Vitufe hivyo utavigusa karibu kila unapokaa kucheza. Misheni za Origins utazifuata mara moja, mbili, halafu umeshazijua zote na zimekwisha.

Umeona tofauti? Kuna nyongeza za hadithi na kuna nyongeza za mkono. Ya hadithi ni kama filamu, unaifurahia na inaisha. Ya mkono ni kama jiko jipya, utapika nalo kila siku. Mwenye bajeti ndogo anunue ya mkono kwanza.

Baada ya hapo, kwa Kilwa inayotaka kuvuka bahari hadi India, zipo mbili zinazokwenda pamoja. Wealth of Nations ya 2014 inafungua makampuni ya biashara kwenye nchi za mbali, halafu Dharma ya 2018 inakuruhusu kuwekeza ndani ya makampuni hayo. Kama hutaki kutoka nje ya pwani, achana nazo zote mbili, ni hela ya bure.

Zilizobaki nazipitia haraka. Emperor ya 2020 ni kubwa na imefanywa kwa moyo, lakini ni kwa anayecheza Austria, Bohemia na Wajerumani. Kilwa wala haitajua kuwa umeinunua. Rule Britannia ni ya Uingereza na majirani zake, Third Rome ni ya Urusi, na majina yenyewe yamejieleza. Mandate of Heaven ni ya China na Japani. El Dorado ina kitu kitamu kwa watundu: unajitengenezea dola yako kuanzia bendera. Golden Century kama huna ndoto za Uhispania wala za uharamia, ipite. Leviathan ya Aprili 2021 ilitoka na hitilafu nyingi kiasi kwamba wachezaji waliishusha mpaka mkiani kwenye Steam, na mkuu wa studio akaomba radhi hadharani. Ilirekebishwa baadaye. Ila inakufundisha jambo moja la kiutu uzima: usinunue nyongeza siku inayotoka. Acha wenzako waonje chumvi.

Wawili, seti moja

Hapa sasa wapenzi fungueni masikio, maana hiki ndicho nilichotaka kuwaambia tangu mwanzo.

Mkicheza pamoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake, nyongeza zinazotumika ni za mwenyeji, yaani yule aliyefungua mchezo. Wengine wote wanazitumia pale pale, hata kama kwenye akaunti zao hawana hata moja! Mnahitaji nakala mbili za gemu yenyewe, basi. Seti ya nyongeza inatosha moja. Nimekutana na wanandoa walionunua kila kitu mara mbili kama sare za harusi, na nilipowaambia, bwana alinyamaza, bibi akacheka mpaka akatokwa machozi.

Swali linalofuata ni gumu kidogo: seti ikae kwa nani? Sheria za Steam haziruhusu kuhamisha akaunti kwenda kwa mtu mwingine. Sofa mkiachana mnaweza kugombea, hata kuikata katikati mkipenda. Akaunti ni ya mwenye jina. Kwa hiyo wachumba, na hasa ninyi ambao hata barua bado haijapelekwa, kila mmoja anunue kile anachokipenda mwenyewe, na siku ya kucheza mwenyeji awe yule ambaye nyongeza zake zinahitajika. Walio kwenye ndoa, wekeni kwa yule anayecheza zaidi akiwa peke yake.

Halafu kuna njia ya kuonja. Tangu 2021 EU4 ina malipo ya mwezi, yalipoanza yalikuwa dola 4.99, na ukijiunga unapata nyongeza zote kwa mwezi huo. Ushauri wangu: jiungeni mwezi mmoja tu, ule mtakaokuwa na likizo. Chezeni. Wekeni karatasi pembeni ya kompyuta, na kila mnapobonyeza kitufe ambacho ni cha nyongeza mwandike jina lake. Mwisho wa mwezi mjitoe, na mhakikishe mmejitoa kweli, kisha msubiri punguzo mnunue zile mbili au tatu zenye alama nyingi. Sisi tulipofanya hivyo, Cradle ilijaza upande mzima wa karatasi. Kuna nyingine mbili ambazo mume wangu alikuwa ananililia nazo tangu mwaka juzi, hazikupata hata alama moja.

Na mkinunua kisha mkaona sivyo, Steam hurudisha pesa ya nyongeza ndani ya siku 14, ikiwa gemu yenyewe haijachezwa zaidi ya saa mbili tangu mlipoinunua nyongeza hiyo. Kwa gemu kama EU4 saa mbili ni kufumba na kufumbua, kwa hiyo amueni mapema.

Meseji kumi na moja

Rafiki yangu mmoja, tunafanya naye kazi mtaa mmoja, nusura avunje uchumba kwa sababu ya jambo hili. Mchumba wake alisubiri punguzo kubwa la mwisho wa mwaka, usiku wa manane akanunua nyongeza kumi na moja, moja moja. Bei zilikuwa zimeshuka sana, jumla yake haikuwa kubwa hata kidogo. Lakini kadi aliyotumia ilikuwa ile ya akaunti waliyoifungua pamoja kwa ajili ya harusi, na namba ya simu iliyosajiliwa ni ya binti. Asubuhi anaamka anakuta meseji kumi na moja za benki, zote za dola, zote usiku wa manane. We fikiria mwanamke atawaza nini!

Aliponisimulia, hakuzungumzia hela hata mara moja. Alisema, "Dada, yaani mtu anakaa saa nane za usiku anabonyeza, anabonyeza, na mimi nimelala chumba cha pili, hata kuniambia?" Kijana naye, nilipomsikia upande wake, alisema aliona aibu kuomba. Mtu mzima, ana kazi nzuri, anaona aibu kusema kwamba anapenda kitu ambacho ndugu zake wanakiita cha watoto.

Waliyamaliza, na masharti waliyowekeana nimeyaiba. Kila mmoja ana hela yake ya mfukoni kila mwezi, haiulizwi: mmoja akanunue viatu, mwingine akanunue Dharma. Akaunti ya pamoja haiguswi kwa starehe mpaka wakae wazungumze. Na hili la mwisho ndilo lililonifurahisha zaidi, hakuna nyongeza mpya mpaka mchezo unaoendelea uishe, ama kwa kufika 1821, ama kwa kupigwa mpaka dola yako ikafutika kwenye ramani. Jamaa amegundua kwamba kwa sharti hilo hununua kama mbili kwa mwaka. Binti naye ameanza kucheza. Alichagua Ureno, makusudi.

Vipi kuhusu ile mpya?

Nimeulizwa na wengi tangu Europa Universalis V itoke tarehe 4 Novemba 2025: kwa nini mtu aendelee kununua vipande vya ile ya zamani? Mpya inaanzia mwaka 1337, ni pana zaidi, na ni nzito pia. Kama kompyuta yako ni ile uliyopewa ofisini, itahema kama daladala la Kimara likipandisha mlima. Isitoshe, nayo imepangiwa nyongeza zake, kwa hiyo hesabu ni ileile inaanza upya. EU4 kwa sasa ni kama nyumba iliyokwisha kujengwa: unajua vyumba vyake vyote, walioishi humo wamekuonyesha panapovuja, na wakati wa punguzo bei inashuka sana. Kwa wawili wanaoanza, mimi nasema anzeni na EU4 yenyewe tupu. Chezeni miaka mia moja ya kwanza bila nyongeza yoyote. Mkichoka kabla ya 1544, mmeokoa hela nyingi.

Kwetu, hadi naandika haya, kuna nne: Cradle, Origins, na zile mbili za makampuni. Ndani ya EU4 mimi ni Mombasa, yeye ni Kilwa, tuko mwaka 1571 na Mreno tumemzuia asishike hata kisiwa kimoja. Juzi mume wangu ameanza kuisifia Austria wakati wa chakula, nikajua ni Emperor hiyo inabisha hodi. Nimemwambia Austria iko mbali, na deni la meli nane alizoniazima bado hajalipa.